Nilimwambia Asijichurie

Chama chetu cha kufa na kuzikana, huku pembezoni mwa Kahama, kina turubai mbili, viti vya plastiki, masufuria ya kupikia ubwabwa wa watu mia tatu, sepetu za kuchimbia kaburi na daftari la mahudhurio. Asiyefika msibani anatozwa faini. Katiba yetu inasema sanda inunuliwe na nani, nani apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, maji yachotwe na kina nani na kuni zipasuliwe na kina nani. Mimi ndiye katibu tangu nilipostaafu ualimu, na katiba hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Haina mstari hata mmoja unaomhusu mwanachama akiwa bado anapumua.

Nayaandika haya kwa sababu ya mwanachama mmoja tuliyemzika kwa heshima zote za katiba hiyo, ambaye mimi nilimkosea kabla hajafa na nikamkosea tena akiwa ameshazikwa. Jina lake silitaji. Wanawe wapo, na wanapita mlangoni kwangu wakinipa shikamoo.

Alikuwa mwenye duara. Kwa asiyeijua kazi hii, duara ni shimo linaloshushwa kufuata mwamba wenye dhahabu, na mwenye duara si lazima awe ndiye mwenye leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji inatolewa na Tume ya Madini kwa miaka 7, ina jina na namba. Duara halina karatasi. Mawe yakipanda, mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao. Ukilichambua fungu la mwenye duara unakuta humo ndani kuna watu wengine tena: aliyetoa miti ya matimba, aliyekopesha mafuta ya jenereta, mama aliyewalisha vijana miezi kadhaa kabla shimo halijagusa mwamba. Wote hao wamening'inia kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja. Mifuko ikipangwa juu, yeye ndiye anayeonyesha kwa kidole: hii ya fulani, ile ya fulani. Hata mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, yale marudio yanayobaki nayo ni mali, wenye mitambo ya kuchenjua huyanunua. Rundo la marudio linaweza kukaa miezi kwenye uwanja wa mtu likimsubiri mwenyewe, na risiti hakuna.

Alianza na kikohozi. Akapewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, kikohozi kikabaki na pumzi ikaanza kupungua. Baadaye akaambiwa ni vumbi la mwamba lililomjaa mapafuni miaka yote aliyochoronga na kusaga mawe makavu bila kujifunika pua, na kwamba makovu ya vumbi hilo hayaondoki kwa dawa yoyote. Hiyo ilikuwa 2019. Siku alipoambiwa hakwenda kwake kwanza. Alikuja kwangu, jioni, ameshika kaunta buku ndani ya mfuko, akakaa chini ya mwembe mpaka pumzi ikatulia ndipo akaongea.

“Mwalimu, nataka uniandikie. Wanaonidai, ninaowadai, na mgao wa duara ulivyo. Kiwanja cha barabarani ni cha mama watoto. Na yule mama wa kule machimboni, nataka jina lake liwepo, kwa maana chakula chote cha mwanzo kilikuwa chake.”

Nilicheka. Nikampiga begani. “Acha kujichuria, ndugu yangu. Utapona. Utatuzika sisi.”

Yeye hakucheka. Mwaka 2015 alikuwa Nyangarata, miongoni mwa waliozunguka lile shimo lililowafukia wachimbaji tangu Oktoba 5 mpaka Novemba 15, siku 41, wakaishi kwa mizizi, mende na vyura, na wengine tukawaona wakitolewa hai nchi nzima ikishangilia. Akaniambia: “Wale walikaa gizani siku 41 wakikumbuka nani anawadai na nani wanamdai, na hawana wa kumwambia. Mimi nakumbuka nikiwa juu, kwenye mwanga, na mtu wa kumwambia ninaye mbele yangu, anakataa kushika kalamu.”

Nikamwambia tutaandika wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema nina mgeni. Aliporudi mara nyingine nilimwambia mke wangu aseme nimetoka, nami nipo chumbani nimevua viatu. Alikufa masika yalipoanza.

Sasa niseme lile lililoniweka mbali na kalamu. Kwenye ile kaunta buku, ukurasa wa anaowadai, nilikuwemo. Alinikopesha shilingi 1,800,000 binti yangu alipokwama ada ya chuo, akanipa mkononi bila shahidi na bila kuniwekea siku. Pensheni yangu mnaijua walimu wenzangu. Nilikuwa namlipa kwa maneno. Alipokuja na daftari akitaka kila deni liandikwe upya kwa mwandiko unaosomeka, mbele ya watu, nilijua kwamba mwandishi wa orodha hiyo angelazimika kujiandika mwenyewe, tena kwa sauti. Nikaona afadhali isiandikwe. Huruma nayo ilikuwepo, siikatai. Nilimpenda, na kuitamka habari ya kifo mbele ya uso wake kulinipa baridi. Ila huruma peke yake isingenifanya nijifiche chumbani kwangu.

Na neno nililolitumia lilikuwa limeshaandaliwa tayari na jamii nzima, sikuhitaji kubuni udhuru. Ukimwambia mtu asijichurie hakuna atakayekuuliza kwa nini. Unaonekana mwema. Huku kwetu jambo lenyewe lina uzito zaidi ya adabu, maana kifo kwa wengi wetu hakiji chenyewe, kinatumwa. Anayekitaja kabla hakijafika anaonekana anajua ratiba yake. Mwanamke ndiye hathubutu kabisa. Mke akimuuliza mumewe mgonjwa, “Baba fulani, ukituacha, hii nyumba itakuwaje?”, neno hilo litahifadhiwa na mawifi, na siku ya msiba litatolewa kama ushahidi. Mkoa huu vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, na mara nyingi ukifuatilia nyuma ya tuhuma unalikuta shamba. Kwa hiyo anayeweza kuianzisha habari hiyo bila kuhatarisha shingo yake ni mwenye mali mwenyewe, mwanamume, akiwa na akili zake. Rafiki yangu alikuwa amefanya kile ambacho mkewe asingeweza kukifanya. Mimi nikamrudisha.

Msibani tulifanya kazi nzuri. Turubai zilisimama kabla ya jua, ubwabwa ukatosha, rambirambi zikasomwa. Yule mama wa machimboni alikuja, akajipenyeza kwa wapishi, akaosha vyombo kutwa nzima na kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Hakutolewa ng'ombe wa mahari hata mmoja, kwa hiyo ukoo haukumjua. Mimi nilimjua. Nilishakula mara nyingi kwenye banda lake.

Matanga yalipoondolewa ukoo ukakaa. Nikaombwa niwaandikie muhtasari, kwa kuwa mahakama ya mwanzo huutaka na mwandiko wangu unajulikana. Ajenda ya kwanza, kuchagua msimamizi wa mirathi. Akapendekezwa mdogo wa marehemu, mtu anayejua kusema. Ndipo mzee mmoja akauliza, kwa utaratibu tu, kama marehemu aliacha wosia wowote. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Aliinua macho akaniangalia. Alijua mumewe alikuwa anakuja kwangu na lile daftari.

Nikasema, “Sikuona maandishi yoyote.”

Kila neno ni kweli, lipime utakavyo. Maandishi sikuyaona kwa sababu mimi ndiye niliyekataa kuyaandika. Nikaendelea na muhtasari: “Wajumbe walithibitisha kwamba marehemu hakuacha wosia.” Nikapigia mstari.

Mambo hayakuishia hapo. Yule mdogo wa marehemu aliichukua kaunta buku ili aihifadhi, na baada ya muda akanijia nayo. Marehemu alikuwa na mwandiko wa mtu aliyeacha shule darasa la nne, vifupisho na alama alizozijua mwenyewe. Akaniwekea kidole: “Mwl. 1.8”. Hii ni nini, Mwalimu? Nikamwambia ni hesabu ya zamani, tulishamalizana.

Huo haukuwa ukimya wala kuzungukazunguka. Nilidanganya juu ya mali ya yatima.

Kilichofuata nimekiona polepole, kwa vipande. Fomu ya mirathi ikapelekwa mahakamani pamoja na muhtasari wangu, tangazo likabandikwa, pingamizi halikutokea. Mjane hakujua kwamba angeweza kupinga. Alidhani tangazo ni taarifa tu. Msimamizi anatakiwa kurudi mahakamani na hesabu za mali na madeni ndani ya miezi minne, lakini asipoulizwa haendi, na wa kumuuliza hakuwepo. Kiwanja cha barabarani kiliuzwa. Marudio yalibebwa na lori. Duara likapata msemaji mwingine, na yule mama wa machimboni alipofuata haki yake aliambiwa hajulikani. Mjane amehamia kwa mwanawe mkubwa na analima kwenye shamba la mwanawe huyo.

Ilibidi ayapitie yote hayo ndipo mimi nikaenda kumuuliza msaidizi wa kisheria wa kata sheria inasemaje. Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa nimeandika mihtasari ya namna ile kwa koo nyingi bila kuuliza. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililokusanya mila za mirathi kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, linawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wavulana wengine wakifuata, mabinti chini kabisa. Mjane hana fungu maadamu ukoo wa mume upo. Inahesabiwa kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza. Wajane wawili wa Kisukuma walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni hizo zinabagua, halafu ikasita kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo ikaamua Machi 2015 kwamba haki zao zimevunjwa na kwamba Tanzania irekebishe sheria zake. Wanatajwa kwa herufi tu, E.S. na S.C. Kutoka kufiwa kwao mpaka uamuzi huo ilipita zaidi ya miaka kumi, na hiyo ni njia ya yule ambaye mumewe hakusema kitu.

Aliyesema ana njia fupi. Tangazo hilohilo la 1963 linatambua wosia, na ndani ya wosia mume anaweza kumpa mkewe kile ambacho mila isingempa. Wa maandishi uwe wa wino, usiwe wa penseli, uwe na tarehe na sahihi au dole gumba. Kwa anayejua kusoma mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na kwa asiyejua wawe wanne. Hata wa mdomo unakubalika, mbele ya watu wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mke naye awepo. Jioni ile chini ya mwembe watu baki walikuwa wawili tayari, mimi na jirani aliyekuwa anachunga mbuzi wake hatua chache kutoka kwetu. Mdogo wa marehemu, huyuhuyu aliyekuja kuwa msimamizi, alikuwa na pikipiki na angefika kabla chai haijapoa, amembeba na binamu yao. Mkewe alikuwa nyumba ya pili. Tungemaliza kabla ya magharibi.

Tena nadhani yule mdogo wa marehemu asingefanya aliyoyafanya. Si mtu mbaya. Aliachiwa mali isiyokuwa na maneno, akaipa maneno yake.

Nilikwenda kwa mjane na fedha zote kamili. Niliuza ng'ombe wa maziwa na nikakopa kiasi kilichobaki. Nikamweleza daftari, deni, siku niliyojificha, na yale niliyomjibu shemeji yake. Alinisikiliza huku akipepeta mchele na hakuuacha ungo. Nilitegemea alie au anifukuze. Alizihesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema: “Fedha nimepokea, shemeji. Haya mengine kayaseme kulekule ulikoandikia muhtasari.”

Nikaenda. Ukoo ukanisikiliza kwa upole uliokuwa na kisu ndani. Mmoja akasema mambo ya mahakamani yameshagongwa muhuri. Mwingine akauliza kama sijatumwa na mwanamke. Msimamizi hakusema neno, ila siku mbili tatu baadaye mwanawe alimpelekea mjane magunia mawili ya mpunga, na tangu hapo kila mavuno yanakwenda. Kiwanja hakikurudi. Yule mama wa machimboni sijampata; wengine wanasema alihamia upande wa Geita kufuata rashi ya dhahabu, na huko mtu akibadilisha banda amebadilisha na jina.

Kwenye chama nilipendekeza tuongeze kifungu katika katiba: kila mwanachama, mara moja kwa mwaka, aseme mbele ya mashahidi ana nini, anadaiwa na nani, na angependa azikwe wapi. Mwenyekiti akaliweka pendekezo hilo kwenye mengineyo, yaani mwisho kabisa, wakati kina mama wameshashika mikoba. Mjumbe mmoja akasema katibu anataka kutuita majina mmoja mmoja kaburini. Watu wakacheka, kikao kikafungwa kwa sala. Likarudi kikao kingine, likabaki mengineyo.

Kilichoutikisa mjadala si hotuba yangu. Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa, hapahapa Shinyanga, uliwafukia watu 25, na kwa siku nyingi vijana wetu wa maduara walikuwa wanakaa barazani na simu mkononi wakifuatilia nani ametolewa. Baada ya hapo wakaanza kunijia, kwa kujificha kidogo, kama watu wanaokuja kutafuta dawa ya aibu. Hawaulizi habari za nyumba na mashamba kama vitabu vya sheria vinavyodhani. Wanauliza namba ya siri ya simu, yenye fedha yote, iachwe kwa nani bila kuibiwa leo. Wanauliza pikipiki ya mkopo. Wanauliza mgao wa duara unaandikwaje wakati mwenye leseni hataki karatasi. Mmoja aliniuliza kama wake wa sehemu mbili wanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja bila wao kujuana. Nikamwambia aanze kwa kuwajulisha, akaondoka na hajarudi. Wenye uwezo nawaelekeza waende RITA, wakala wa serikali ambao huandika na kutunza wosia. Wengine tunaandika hapahapa, wino wa bluu, na kila nikiandika ukurasa wa madeni huwa nauliza kwanza kama jina langu lipo.

Wosia wangu mwenyewe nao nimeuandika. Mke wangu ameusoma, akanirudishia niiondoe friji, maana aliinunua kwa hela yake ya kikoba na mimi nilikuwa nimeiorodhesha kama yangu. Jirani amesaini kama mtu baki. Shahidi wa ukoo ndiye tatizo. Kaka yangu amekuja mara kadhaa, anakula, anaongea habari za ng'ombe na mvua, na nikitoa karatasi anasimama. Anasema akiweka sahihi leo nami nikaugua kesho, watu watasema nini juu yake. Nimemwambia kama nilivyowaambieni ninyi hapa, na la deni pia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja Jumapili baada ya ibada, lakini nimtafute mtu mwingine wa ukoo asaini kwanza, yeye awe wa pili.